Taa Zisizo na Wenyewe: Utangulizi

Usiku wa kiangazi katika nchi iliyo kati ya Shinyanga na Geita una taa nyingi. Malori ya mgodi hupanda vilima vya vifusi usiku kucha, karasha husaga mawe hadi alfajiri, bodaboda hukatiza njia ya ng'ombe, moto wa nyika ulioachwa jioni hutambaa kwenye nyasi kavu, na ukishuka hadi Nkome, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga majini hadi upeo wa macho. Aliyekulia huku huzitambua zote bila kufikiri. Somo hili linahusu zile chache zinazobaki: taa inayotokea mbugani pasipo na njia, ikasimama, ikagawanyika, ikaonekana kumfuata mtu, kisha ikazimika, na kulipokucha asipatikane aliyeibeba.

Karibu sana. Mlango wa elimu hii ni mpana. Mwalimu wa fizikia atapata kazi humu, mwanafunzi wa jiolojia atapata yake, na zaidi ya wote atapata kazi yule anayependa kukaa na wazee na kuandika simulizi zao, kwa kuwa taa yenyewe haikai. Kinachobaki asubuhi ni maneno ya aliyeiona. Vyombo vya kazi hii si vya gharama. Kinachotakiwa kwanza ni adabu mbili: kumwamini shahidi kwamba ameona kitu, na kutokuwa na haraka ya kukubali jina ambalo kitu hicho kimekwisha kupewa.

Adabu hiyo ya pili, katika ukanda huu, ni suala la uhai wa watu. Taa isiyo na mwenyewe huku hutafutiwa mwenyewe, na mara nyingi hupatikana: bibi kizee anayeishi peke yake, jirani aliyenunua ng'ombe wengi kwa mpigo, mke aliyefiwa na mume. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeyachunguza mauaji haya kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao walikuwa Usukuma. Wengi walikuwa wanawake wazee, na wapo walioshukiwa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Baadaye yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo mtafiti Deborah Bryceson na wenzake, katika makala yao ya 2010, waliyahusisha na hirizi zilizokuwa zikiuzwa kwa wachimbaji wadogo waliotafuta bahati ya dhahabu. Mchimbaji aliyetumia akiba yake yote kwenye duara, shimo lake la uchimbaji, lisilotoa kitu ana sababu ya kusikiliza anayemwambia kwamba dhahabu ina wenyewe na lazima waridhishwe. Taa iliyoonekana juu ya duara hilo usiku, kwake, ni habari nzito.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba swali la "nani" haliulizwi. Tunauliza wapi, saa ngapi, upande gani, kwa muda gani, na wewe ulikuwa umesimama wapi. Mahojiano yakianza kwenda kwa mtu, funga daftari, nywa maji, urudi kwenye taa.

Mfano bora wa uchunguzi wa aina hii tunao kutoka kaskazini-magharibi yetu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliishi na Wazande, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, miaka ya mwisho ya 1920, na katika kitabu chake cha 1937 kuhusu uchawi na ramli za Wazande anaeleza usiku mmoja alipokuwa amekesha akiandika. Yapata saa sita akachukua mkuki, akatoka kutembea kama ilivyokuwa desturi yake. Kati ya migomba nyuma ya kibanda chake akaona mwanga mkali ukipita nyuma ya nyumba za watumishi, ukielekea kwenye boma la mtu aitwaye Tupoi. Akaufuata kwa macho mpaka uzio wa nyasi ukamkinga. Akakimbia kupitia ndani ya kibanda atokee upande wa pili, lakini hakuuona tena. Nyumbani kwake alikuwapo mtu mmoja tu mwenye taa inayoweza kutoa mwanga wa namna hiyo, naye alipoulizwa asubuhi alisema hakutoka wala hakuiwasha. Haukupita muda habari ikaja kwamba mzee mmoja wa ukoo wa Tupoi, aliyeishi katika boma lilelile, amefariki. Kwa Wazande jambo lilikuwa limekwisha elezwa: uchawi huruka usiku ukiwaka, na huo ulikuwa njiani kwenda kuua.

Evans-Pritchard hakuipata asili ya mwanga ule. Alidhani huenda mtu alikuwa amewasha kicha cha nyasi ili aone njia akienda kujisaidia. Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye kifo cha mzee. Mimi hukaa zaidi kwenye kile kicha cha nyasi. Tazama ni vitu vingapi mtu hufanya usiku ambavyo asubuhi hatavikiri. Geita kuna vijana wanaookota magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi, mahali wasiporuhusiwa kuingia. Kuna anayeshuka kwenye duara la mwenzake. Kuna anayechoma dhahabu yenye zebaki uani kwake gizani, jirani asijue kwamba leo amepata. Kuna anayemwendea mke wa mtu. Wote hawa hubeba taa, na wote wataapa kwamba walikuwa wamelala. Kijiji kizima kusema "hakuna aliyetoka usiku ule" si ushahidi kwamba hapakuwa na aliyetoka. Na kwa sababu hiyo hiyo mtafiti wetu si askari wala sungusungu: ukigundua taa ilikuwa ya nani, andika "tochi ya mkononi, mtu anatembea", basi, jina libaki kwake.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi. Robert Gray, aliyeandika mwaka 1963 kuhusu Wambugwe wa Manyara, alisimuliwa kwamba mchawi hupanda fisi usiku akiwa na mwenge mkononi, na mwenge huo huongezewa mafuta yatokanayo na fisi mwenyewe, yaliyobebwa kwenye kibuyu. Wasukuma nao wana fisi wa wachawi, na habari zao utazisikia bila kuuliza. Mtu wa sayansi akisikia haya hutaka kuyaweka kando haraka. Asifanye hivyo. Ndani ya simulizi hii kuna jambo lililotazamwa vizuri: fisi na mwanga wa usiku huonekana pamoja.

Nyuma ya jicho la fisi, kama la paka na ng'ombe, kuna utando unaorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Mchimbaji anayerudi kutoka mwaloni, anakooshea dhahabu, akiwa na tochi ya kichwani atakapoelekeza uso kwenye nyasi, ataona vipande viwili vya kaa vikiwaka mbali, vikisogea anaposogea, vikizimika ghafla mnyama ageuzapo kichwa. Mwenzake anayetembea hatua kumi kando, bila tochi, hataona kitu, maana mwanga unarudi kwenye tochi tu na kwa jicho lililo karibu nayo. Hapo ugomvi huzaliwa: mmoja anaapa ameona, mwingine anaapa hapakuwa na kitu, na wote wawili wanasema kweli. Kijiji kitahitimisha kwamba taa ile ilimchagua mmoja. Jaribio lake ni jepesi: zima tochi yako. Taa ikifa pamoja nayo, ilikuwa nuru yako mwenyewe ikirudi.

Maelezo yanayobeba taa nyingi zaidi duniani, hata hivyo, ni hewa. Mchana wa jua tumeyazoea mazigazi, yale maji ya uongo juu ya lami. Usiku huwa na mazigazi yake, kinyume cha yale ya mchana. Anga likiwa safi na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa inayoigusa huwa baridi kuliko iliyo juu yake. Mwanga unaopita kwenye tabaka hizo hupinda kuelekea chini, ukafuata mviringo wa dunia, na taa iliyofichwa nyuma ya mwinuko au chini ya upeo wa macho ikainuliwa ionekane inaelea. Jack Pettigrew wa Chuo Kikuu cha Queensland alichapisha uchunguzi huu mwaka 2003 kuhusu taa za Min Min, zinazowatisha wasafiri katika nyika za Australia. Usiku wa hali ya hewa inayofaa aliweka gari umbali wa zaidi ya kilomita 10, mahali ambapo kwa kawaida haliwezi kuonekana, akawasha taa zake. Waliokuwa upande wa pili wakaiona taa ikielea juu ya upeo wa macho, na wote walijua ni gari.

Sasa fikiria Shinyanga mwezi wa Juni na Julai: mbuga tambarare za udongo mweusi, hewa kavu, anga bila wingu, baridi ya alfajiri inayowafanya wachungaji wajifunike mablanketi. Ni vigumu kutengeneza mahali pafaapo zaidi. Ongeza reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita hapa tangu 1928, barabara ya malori yanayokwenda Isaka, mitambo ya Bulyanhulu na Mwadui yenye taa usiku wote. Upande wa Geita ongeza ziwa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, usio na mbalamwezi, wakiwa na karabai, na siku hizi taa za betri na sola, na hewa juu ya maji hubadilika kila saa. Taa moja yaweza kuvutika ikawa nguzo, ikagawanyika mbili, moja ikasimama juu ya nyingine, ikapotea mvuvi akiwa bado anavuta wavu palepale. Aliye juu ya kilima kisiwani Kome au Maisome akikuambia ameona taa ikipaa kutoka majini, usimcheke. Anaeleza sawasawa kile ambacho hewa ilimletea.

Wamarekani wameifanya kazi hii kwa muda mrefu. George Mansfield, mwanajiolojia wa serikali yao, alipelekwa mwaka 1922 kwenye taa za Brown Mountain huko North Carolina, akapima uelekeo wa kila taa aliyoiona kwa chombo, akachora mistari kwenye ramani. Alihitimisha kwamba asilimia 47 zilikuwa za magari, 33 za treni, 10 za taa zisizotembea na 10 za mioto ya vichaka. Wanafunzi wa fizikia wa Dallas walizichunguza taa za Marfa, Texas, mwaka 2004, na wenzao wa Michigan mwaka 2010 waliielekeza darubini kwenye taa ya Paulding wakayaona magari yenyewe barabarani. Sina furaha ya pekee taa inapogeuka kuwa gari. Nina furaha kwamba baada ya hapo hakuna mtu anayeweza kuuawa kwa ajili yake.

Jicho nalo lina sehemu yake, na hii unaweza kuijaribu leo. Funga madirisha chumba kiwe giza kabisa, washa dawa ya mbu ile ya kuzunguka, iweke mbali nawe, kaa utazame ile ncha nyekundu. Baada ya muda mfupi itaanza kutembea: kulia, juu, kuzunguka. Haijasogea. Jicho likikosa kitu cha kulinganisha haliwezi kujua kama kinachosogea ni nukta au lenyewe. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliitumia hali hii katika majaribio aliyochapisha mwaka 1935, akagundua jambo linalotuhusu moja kwa moja. Watu waliohojiwa kila mmoja peke yake walitaja umbali tofauti kabisa ambao nukta "ilisogea". Walipowekwa pamoja, majibu yao yalikaribiana mpaka yakawa karibu sawa, na waliendelea kuyashikilia hata walipotengwa tena. Ndiyo maana hapa kwetu mashahidi kumi waliokwisha kusimuliana kwenye kilabu cha pombe huhesabiwa kuwa shahidi mmoja. Wahoji mapema, mmojammoja, kwa Kisukuma kama ndicho wanachoota nacho, na usimpe mtu neno: ukimwuliza "iliruka?" atakujibu iliruka. Ukimwomba akuonyeshe kwa kidole ilipoanzia na ilipoishia, kidole hakina sababu ya kutia chumvi. Na kabla hujaondoka, angalia kama sayari ya Zuhura haikuwa ikitua upande huohuo.

Wenye jiolojia watataka kusikia habari za miamba, na wana haki, kwani wanakanyaga miamba ya kijani yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, iliyopitiwa na mikanda ya kwatzi, lile jiwe jeupe linaloandamana na dhahabu. Kwatzi hutoa umeme ikibanwa. Chukua vipande viwili ukubwa wa ngumi, ingia gizani, vigonganishe na kuvisugua kwa nguvu: ndani ya jiwe utaona mmweko hafifu wa rangi ya machungwa, na utauona hata ukivisugua chini ya maji, kwa hiyo si cheche za kawaida. Mchimbaji anayepasua mwamba kwa nyundo na moko tochi ikiwa imezimika ameuona. Kutoka hapo wapo wanaosema kwamba ardhi inapobanwa na mitetemo, umeme hupanda hadi juu ukawaka hewani. Mtafiti Friedemann Freund amejenga nadharia ndefu juu ya mianga ya wakati wa matetemeko. Kwa taa ya mbugani Shinyanga inayokaa dakika nzima nchi ikiwa tulivu, mimi sijashawishika. Mmweko wa jiwe huisha kabla hujapepesa, na ardhi yenye unyevu hainyimi umeme njia ya kutawanyika.

Almasi pia huhusishwa, kwa kuwa tuko karibu na Mwadui, ambako John Williamson aliigundua mwaka 1940. Ni kweli baadhi ya almasi huweza kutoa mwanga. Robert Boyle aliieleza moja iliyong'aa gizani ikisuguliwa, mwaka 1663, na migodi huzitenga almasi na changarawe kwa kuzipiga eksirei ili ziwake. Lakini zinawaka zikichochewa tu. Almasi iliyolala ardhini usiku imelala.

Radi ichukue mistari michache. Ziwa Viktoria huzalisha dhoruba zake usiku, na mwako wake huonekana zaidi ya kilomita 100, ilhali ngurumo haisikiki mbali zaidi ya kilomita 20 hivi. Mianga mingi ya kimya upande wa kaskazini ni hiyo.

Inabaki gesi, na hapa ndipo ninapotaka uingie kwa mikono yako, maana swali lake halijafungwa popote duniani. Mwaka 1776 Alessandro Volta alichokonoa kwa fimbo tope la kingo za Ziwa Maggiore, Italia, akakinga mapovu kwenye chupa, akagundua kwamba gesi ile huwaka. Ndiyo methani. Tangu hapo watu wakasema taa za vinamasini ni methani inayoungua. Tatizo ni kiberiti: methani haijiwashi yenyewe. Wengine walitaja fosfini pamoja na jamaa yake difosfani, mchanganyiko unaoshika moto ukigusa hewa, lakini moto huo hutoa moshi mweupe na harufu kali, na mashahidi wengi wa taa hizi hawataji moshi wala harufu. Mwaka 2025 timu ya Richard Zare wa Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha njia nyingine: mapovu madogo sana ya methani yakipanda majini hubeba chaji tofauti, na kati ya povu na povu hupita cheche ndogo za umeme, zenye uwezo wa kuanzisha kuungua hafifu. Hilo ni ndani ya maabara. Kutoka mmweko wa kwenye birika la maabara hadi taa inayoonekana ng'ambo ya shamba kuna safari ndefu, na hakuna aliyeikamilisha.

Wanorwe wamejaribu kwa upande wao. Bonde la Hessdalen lilijaa taa miaka ya 1981 hadi 1984. Erling Strand na wenzake wakaanzisha mradi mwaka 1983, na tangu 1998 kuna kituo cha kamera kinachotazama bonde hilo chenyewe. Taa nyingi zimepatiwa maelezo, chache bado. Wameendelea kutazama.

Sisi tuna majaruba. Kuanzia Januari hadi Aprili mashamba ya mpunga ya Shinyanga na Kahama hujaa maji yaliyotuama juu ya mabua na samadi, na huko Geita kuna mafunjo ya ukingo wa ziwa. Anza hapo. Kwanza jaza maji chupa ya plastiki, igeuze mdomo chini ndani ya jaruba, chokonoa tope chini yake kwa fimbo, uhesabu inachukua muda gani mapovu kuyasukuma nje maji yote. Andika kina cha maji, joto lake, na siku tangu mvua ya mwisho. Fanya hivyo mashamba mbalimbali mpaka ujue ni yapi yenye gesi nyingi. Kisha keshea hayo. Ukiona mwanga, chomeka miti miwili ardhini iwe mstari mmoja nao, mwenzako aliye mita 500 kutoka kwako afanye hivyo pia, mpime asubuhi. Usitegemee dira ya simu, kwani ikikosea nyuzi 5 tu, kwa taa iliyo kilomita 10 utakuwa umekosea karibu mita 870. Kuwa na CD kuukuu mfukoni, uitege mwanga uakisiwe juu yake: karabai na moto wa kuni vitatandaza rangi zote mfululizo, taa nyeupe ya betri itaonyesha bluu iliyojitenga na pengo baada yake. Mwali wa methani hafifu utakuwa bluu karibu mtupu. Ukiupata huo, usikimbilie kuupiga picha. Sogea taratibu kutoka upande unakoelekea upepo, nusa, na utazame kama kuna moshi.